Filamu Unayoazima Bure Maktabani, na Bili Usiyoiona

Ijumaa jioni, kazi za wiki zimekwisha na nyumba imetulia. Umefungua programu ya maktaba kwenye runinga, umeipata filamu uliyoiwinda tangu Jumatatu, unabonyeza kitufe cha kuazima. Badala ya filamu kuanza, ujumbe unatokea: maktaba yako imefikia kikomo cha kuazimisha kwa siku ya leo, tafadhali jaribu tena baada ya saa sita usiku. Unabaki umeduwaa. Kikomo cha nini? Filamu ya kidijitali si sabuni kwamba ikitumika inaisha. Haichaniki, haikwaruziki, na jirani akiitazama saa hii hii hakupunguzii chochote.

Mshangao huo una haki yake. Wengi wanaotumia huduma hizi hudhani kwamba maktaba imenunua filamu, ikaziweka kwenye kompyuta zake, na sasa inazigawa kwa wenye kadi kama inavyogawa vitabu. Sivyo. Filamu unayoitazama kwa kadi ya maktaba kwa kawaida si mali ya maktaba, haijawahi kuwa mali yake, wala haikai kwenye kompyuta zake. Kila unapobonyeza kitufe kile, kuna mahali inaandikwa hesabu, na hesabu hiyo inaishia kuwa bili mezani kwa maktaba. Ukishalielewa hilo, masharti yote yanayokera yanaeleweka: tiketi, saa 72, filamu kutoweka bila kuaga, na huo ujumbe wa Ijumaa jioni.

Wenye filamu hasa ni nani

Katika maktaba za umma za Marekani, majina mawili ndiyo yanayosikika zaidi. La kwanza ni Kanopy. Ilianzishwa mwaka 2008 mjini Perth, Australia, na Olivia Humphrey, ikianza kwa kuviuzia vyuo vikuu DVD, kisha ikahamia kwenye kutiririsha filamu kwa intaneti na kupeleka makao yake San Francisco. Mwaka 2021 ilinunuliwa na OverDrive, kampuni ya Ohio iliyoanza mwaka 1986, ambayo wasomaji wengi wanaijua kupitia Libby, programu yake ya kuazima vitabu. Kanopy inasifika kwa filamu za makala, sinema za nchi mbalimbali, na kazi za wakongwe ambazo huduma kubwa za kulipia hazijishughulishi nazo.

La pili ni Hoopla, ya kampuni ya Midwest Tape, nayo ya Ohio, iliyokuwa ikiziuzia maktaba kanda na diski tangu mwaka 1989. Hoopla ilifunguliwa mwaka 2013, na humo filamu zimechanganyika na muziki, vitabu, vitabu vya kusikiliza na vya katuni. Ulaya nako kuna huduma za namna hiyo hiyo: Wadenmaki wana Filmstriben, Waswidi wana Cineasterna, Wajerumani wana filmfriend.

Angalia jambo moja ambalo hupitwa kirahisi. Kanopy na Hoopla zote zimetokana na biashara ya kuuza diski kwa taasisi. Mfanyabiashara ni yule yule na mteja ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba zamani aliuza kitu, siku hizi anatoza kwa ruhusa. Mambo yote yaliyobaki yanatoka hapo.

Diski ilikuwa mali

Ili kuona maktaba imepoteza nini, inabidi turudi nyuma kidogo, hadi kwenye ugomvi wa senti 11. Mwanzoni mwa karne iliyopita mchapishaji wa Marekani aitwaye Bobbs-Merrill aliandika ndani ya riwaya yake kwamba hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuiuza chini ya dola 1, na atakayefanya hivyo atakuwa amevunja hakimiliki. Duka kubwa la Macy's mjini New York, lililokuwa la ndugu wa ukoo wa Straus, likaiuza kwa senti 89. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1908 mchapishaji akashindwa. Mahakama ilisema kwamba hakimiliki haimpi mwenyewe nguvu ya kuifuata nakala aliyokwisha kuiuza na kumpangia mnunuzi bei. Mwaka uliofuata Kongresi iliiingiza kanuni hiyo kwenye sheria, na hadi leo imo katika kifungu cha 109 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani. Wanasheria huiita kanuni ya mauzo ya kwanza.

Maktaba ya umma imesimama juu ya kanuni hiyo. Ikinunua kitabu, kitabu ni chake: itamwazimisha imtakaye, mara itakazo, mpaka karatasi zilegee. Haiombi ruhusa kwa mwandishi wala mchapishaji. Kanda za video zilipokuja, nazo zikaingia chini ya kanuni hiyo hiyo, na si kwa bahati tu. Wenye viwanda vya burudani walikwenda Kongresi kulalamika. Ukodishaji wa kibiashara wa rekodi za muziki ulizuiwa kwa sheria mwaka 1984, na wa programu za kompyuta mwaka 1990. Filamu hazikuguswa. Ndiyo maana nchini humo maduka ya kukodisha video yaliota kila kona, na maktaba zikajaza rafu zao kanda, baadaye DVD, bila kumlipa mtu chochote zaidi ya bei ya dukani.

Sasa piga hesabu. Chukulia maktaba imenunua DVD kwa dola 20, ikaazimwa mara 60 kabla haijaanza kukwama. Kila azimo limeigharimu maktaba takriban senti 33. Ikiazimwa mara 100, gharama inashuka hadi senti 20. Kadiri watu wanavyoipenda, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa maktaba. Shika hesabu hiyo, tutairudia.

Kinachotokea ukibonyeza

Filamu ya intaneti haiji kama kitu unachokabidhiwa. Tufuatilie sekunde chache za mwanzo, kwa sababu mengi yamefichwa hapo.

Programu inapeleka namba ya kadi yako na namba ya siri kwenye mfumo wa maktaba na kuuliza: huyu ni mwanachama hai? Mfumo ukisema ndiyo, inaangalia umebakiwa na maazimo mangapi mwezi huu. Kisha inaangalia kama maktaba yenyewe bado ina nafasi katika bajeti yake. Zote zikikubali, azimo linaandikwa, na kuanzia hapo maktaba inadaiwa. Ndipo filamu inaanza kuja kutoka kwenye mitambo ya kampuni, imekatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kimefungwa kwa msimbo usiosomeka. Intaneti yako ikidhoofika, vipande vinavyofuata vinaletwa vyepesi, na picha inakuwa na ukungu badala ya kukwama. Ikiwa unatumia bando, jihadhari: saa moja ya picha ya HD inaweza kula hadi GB 3.

Vipande hivyo peke yake havina faida. Kifaa chako lazima kiombe ufunguo wa kuvifungua, na kazi hiyo inafanywa na mifumo ya ulinzi iliyojengwa ndani ya vifaa: Widevine ya Google, FairPlay ya Apple, PlayReady ya Microsoft. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya picha ya skrini itoke nyeusi ukijaribu kuipiga wakati filamu inacheza. Ufunguo una muda wake. Filamu ya Hoopla inaazimwa kwa saa 72, na ikiwa uliipakua kwenye simu ili uitazame safarini, muda ukiisha haifunguki tena.

Kwa hiyo neno kurudisha, kwa upande wa filamu za kidijitali, ni la heshima tu. Hakuna kinachorudi popote. Ufunguo umekufa, basi. Ndiyo sababu pia hakuna faini ya kuchelewesha: huwezi kuchelewesha kitu ambacho hukukishika.

Kisheria, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kanuni ya mauzo ya kwanza inamlinda mwenye nakala. Maktaba haina nakala, ina leseni, yaani mkataba unaosema filamu ipi, kwa muda gani, kwa nani na kwa bei gani. Je, maktaba haiwezi kununua faili na kuliazimisha kama diski? Mahakama za Marekani zimeziba njia hiyo kwa kiasi kikubwa. Katika kesi ya Capitol Records dhidi ya ReDigi, kampuni iliyojaribu kujenga soko la muziki wa kidijitali uliokwisha kutumika, mahakama ya rufaa ilisema mwaka 2018 kwamba kuhamisha faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine ni kutengeneza nakala mpya, na kanuni ya mauzo ya kwanza hairuhusu kutengeneza nakala. Kitabu kikitoka mkononi mwangu kikaingia mkononi mwako, kimebaki kile kile. Faili, kwa macho ya mahakama, limezaa.

Bili inavyokua

Kuna namna kadhaa za kuitoza maktaba. Namna moja inaiga rafu: maktaba inalipia leseni ya filamu kwa kipindi fulani, na wakati mwingine mtu mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuitazama kwa wakati mmoja, wengine wanasubiri foleni. Namna iliyoenea zaidi kwa filamu ni ya kulipa kwa matumizi. Hapo maktaba haichagui filamu moja moja. Inafungua mlango wa ghala zima, maelfu ya filamu, na hakuna foleni hata watu 500 wakiitaka filamu moja usiku mmoja. Lakini kila mmoja wao anaandikiwa hesabu yake. Bei inategemea filamu.

Wasomaji wengi huishangilia namna hii ya pili, na si bure. Hakuna kusubiri. Filamu ya mwaka 1950 ambayo hakuna mkutubi angethubutu kuinunulia diski inapatikana kwa ajili ya yule mmoja anayeitaka. Mimi pia naona huo ni utajiri wa kweli. Tatizo liko kwenye ile hesabu ya senti 33. Tuseme filamu inatozwa dola 2 kila inapotazamwa. Watazamaji 60 ni dola 120. Watazamaji 600 ni dola 1,200, na mwisho wa yote maktaba haina kitu mkononi. Hapa filamu ikipendwa, gharama inapanda. Diski ilimzawadia mkutubi aliyechagua vizuri; leseni ya kulipa kwa matumizi inamtoza kwa kila mtu aliyefurahi.

Jambo hilo lilionekana wazi mwaka 2019. Mifumo mitatu ya maktaba za jiji la New York, yaani ile ya New York yenyewe, ya Brooklyn na ya Queens, ilitangaza kuachana na Kanopy kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo. Bei iliyoripotiwa wakati ule ilikuwa takriban dola 2 kwa kila mtazamo. Watu hawakuwa wameichoka huduma, bali waliipenda kiasi ambacho bajeti haikuweza kuwafuata. Kwenye vyuo vikuu mtego ulikuwa wa namna nyingine: filamu ikitazamwa mara 4, kila mara kwa zaidi ya sekunde 30, chuo kilijikuta kimenunua leseni ya mwaka mzima kwa takriban dola 150. Wanafunzi wanne wakichungulia mwanzo wa filamu na kuiacha, chuo kimenunua.

Fedha zenyewe zinatoka kwa umma: kodi za mji au kaunti, ruzuku za jimbo, na za serikali kuu. Ruzuku ikitikisika, filamu ndizo za kwanza kuguswa, kwa sababu ni rahisi kuzima huduma ya kidijitali kuliko kufunga jengo. Mwaka 2025, fedha za serikali kuu zilizokuwa zikipitia IMLS, taasisi yake ya kusaidia maktaba na makumbusho, ziliposimamishwa, Mississippi ilisitisha Hoopla katika mpango wake wa jimbo. Hakuna rafu iliyoondolewa, hakuna kufuli lililofungwa. Watu walifungua tu programu wakakuta hakuna.

Tiketi, vikomo na saa

Sasa ule ujumbe wa Ijumaa unaeleweka. Maktaba nyingi zinazotumia Hoopla zimejiwekea bajeti ya siku. Pesa ya siku ikiisha, hata saa kumi alasiri, kuazima kunasimama hadi saa sita usiku. Filamu ipo na mitambo inafanya kazi. Kilichokwisha ni pesa. Mwenye kujua hilo huazima asubuhi filamu atakayoitazama jioni, maana saa 72 zinatosha.

Juu ya hapo, kila mwenye kadi ana kiwango chake cha mwezi, na kiwango hicho kinawekwa na maktaba yake, si na kampuni. Ndiyo maana rafiki yako wa mji wa pili anaweza kuwa na maazimo 10 wakati wewe una 4. Kanopy inatumia tiketi: unapewa idadi fulani tarehe mosi ya kila mwezi, kila filamu imeandikwa inakula tiketi ngapi na utakuwa nayo kwa muda gani, na zisizotumika hazivuki kwenda mwezi unaofuata. Hoopla inahesabu maazimo, na kuna vifurushi viitwavyo BingePass ambavyo azimo moja hufungua mkusanyiko mzima kwa siku 7. Kwa anayependa mfululizo, au mwenye watoto wasiokinai katuni, hiyo ni nafuu kwake na kwa maktaba.

Kinachogharimu ni kuazima, si kutafuta. Unaweza kuzunguka humo saa nzima, ukasoma maelezo, ukaweka filamu 40 kwenye orodha yako ya baadaye, bila senti kuandikwa. Kwa hiyo usiazime kwa kujaribu. Filamu ya Hoopla uliyoiazima ukaiacha bila kuifungua imeshatozwa, na ukiirudisha mapema azimo halirudi kwenye hesabu yako. Nimeona watu wakiazima filamu tatu mfululizo ili waamue usiku ipi ya kutazama, bila nia mbaya yoyote, wakidhani wanafanya kile kile wanachofanya na vitabu mbele ya rafu. Kwa vitabu vya rafu hakuna madhara. Hapa wametumia pesa ya filamu mbili ambazo mtu mwingine angezitazama.

Lakini lisikutie woga. Huduma imewekwa itumike, na wakutubi wanaitetea bajeti yake kwa kuonyesha kwamba watu wanaitumia. Filamu unayoitazama mpaka mwisho ni pesa iliyofanya kazi yake.

Kadi, mipaka na siri

Kwa kuwa anayelipa ni mlipakodi wa eneo, kadi hutolewa kwa wa eneo. Kwa kawaida unatakiwa kuonyesha kwamba unaishi, unafanya kazi au unasoma mahali hapo. Maktaba ya Umma ya Los Angeles inatoa kadi bure kwa mkazi yeyote wa California, si wa jiji peke yake. Nyingine zinawauzia watu wa nje kadi kwa ada ya mwaka. Siku hizi maktaba nyingi zinakuandikisha kwa mtandao, lakini soma vizuri: wakati mwingine kadi ya mtandaoni ni ya muda tu, na haifungui filamu mpaka ufike kaunta na kitambulisho. Na kuwa na kadi hakumaanishi kuwa na huduma zote. Maktaba moja ina Kanopy, ya pili ina Hoopla, ya tatu ina zote, nyingine haina hata moja. Orodha iko kwenye tovuti ya maktaba yako, na ndipo pa kuanzia, si kwenye duka la programu.

Ukisafiri nje ya nchi, unaweza kukuta filamu imefungwa ingawa kadi yako ni hai. Leseni za filamu huuzwa kwa nchi. Mwenye haki za kuionyesha Marekani anaweza kuwa mwingine kabisa na mwenye haki za Ufaransa, na programu inajua uko wapi kwa anwani ya intaneti unayotumia.

Leseni hizi pia ni za kutazama nyumbani. Kuwakusanya watu ukumbini na kuwaonyesha filamu uliyoiazima ni haki nyingine yenye leseni yake, hata kama hutozi kiingilio. Muulize mkutubi kabla hujabandika tangazo.

Kuhusu siri ya unachotazama kuna kisa kimoja. Mwaka 1987 Robert Bork alipendekezwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwandishi wa gazeti moja la Washington alikwenda kwenye duka la video alilokuwa akikodi Bork, akapewa orodha ya filamu alizochukua, na ikachapishwa. Orodha haikuwa na la aibu, lakini wabunge wa pande zote walishtuka, kila mmoja akikumbuka duka lake. Mwaka 1988 wakapitisha sheria ya kulinda siri za video, inayokataza kutoa hadharani orodha ya filamu za mteja. Maktaba kwa upande wao zina desturi ndefu ya kulinda kumbukumbu za wasomaji, na majimbo mengi yana sheria zake. Tofauti ni kwamba sasa baina yako na maktaba kuna kampuni ya tatu inayojua umetazama nini na umeishia dakika ya ngapi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti uone historia yako inahifadhiwa vipi, na kama unaweza kuifuta, ifute.

Kwa nini ile unayoitaka haipo

Malalamiko makubwa kuliko yote ni haya: nimetafuta filamu inayozungumzwa na kila mtu, sikuipata. Na pengine hutaipata. Studio huachia filamu kwa awamu, kumbi za sinema kwanza, halafu kukodi na kununua mtandaoni, halafu huduma za kulipia kila mwezi, na maktaba huja nyuma ya foleni hiyo kama inakuja kabisa. Kampuni zinazotengeneza filamu kwa ajili ya huduma zao zenyewe zina kila sababu ya kuzizuia zisipatikane kwingine, maana filamu hizo ndizo chambo cha kuvuta wateja. Wakati wa diski maktaba haikuhitaji kibali chao. Ilikwenda dukani ikanunua. Leo filamu isiyowahi kutolewa kwenye diski, na ambayo mwenyewe hataki kuitolea leseni, haina njia yoyote halali ya kuifikia maktaba. Kwangu hili ni zito kuliko bei. Bei inaweza kujadiliwa. Lakini kitabu kilichochapishwa hakijawahi kuwa na uwezo wa kuikataa maktaba.

Hata zilizopo huondoka. Mkataba wa kampuni na msambazaji ukiisha, filamu inatoka usiku mmoja katika maktaba zote. Kama kuna filamu kwenye orodha yako ya baadaye unayoitaka kweli, usiiache ikae humo miaka miwili.

Kuna upande mmoja ambao hauna leseni, kikomo wala kadi: filamu ambazo hakimiliki yake imekwisha. Marekani filamu za zamani zinalindwa kwa miaka 95, hivyo kila tarehe 1 Januari zile za mwaka mwingine mzima zinakuwa za wote. Tarehe 1 Januari 2025 zilikuwa zile za mwaka 1929. Nyingine ziliingia mapema kwa uzembe. Filamu moja mashuhuri ya kutisha ya mwaka 1968 haikulindwa hata siku moja, kwa sababu msambazaji alipobadilisha jina la filamu kwenye utepe alisahau kuandika upya ilani ya hakimiliki, ambayo sheria ya wakati ule iliitaka. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ina maelfu ya filamu za namna hii, pamoja na mkusanyo wa Prelinger wa filamu za mafunzo, matangazo na picha za familia ambazo hakuna aliyedhani zitahifadhiwa. Maktaba ya Kongresi nayo ilifungua National Screening Room mwaka 2018, na nyingi ya filamu zake unaweza kuzipakua na kukaa nazo.

Kwa zile ambazo hazimo popote kati ya hizi, rudi kwenye orodha ya kawaida ya maktaba na utafute DVD au Blu-ray. Watu wanasahau kwamba bado zipo. Netflix yenyewe, iliyoanza kwa kutuma diski kwa posta, iliituma ya mwisho tarehe 29 Septemba 2023, na kwa wengi rafu ya maktaba ndiyo iliyobaki. Diski isipokuwa kwenye tawi lako, iombe kutoka tawi jingine, au muulize mkutubi kama inaweza kuazimwa kutoka maktaba ya mji mwingine. Utasubiri siku kadhaa, labda na kifuniko kitafika kimepasuka pembeni. Utakaa nayo kwa siku zilizopangwa, utaitazama mara mbili ukitaka, utaitumbukiza kwenye sanduku la kurudishia, na anayefuata ataichukua bila maktaba kuandikiwa bili yoyote.